Keto kwa mtoto mwenye kifafa: inasaidia kweli, ila sio ile ya kupunguza kitambi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Mwanae wa kiume ana miaka 7, kilo 20, kifafa kilimuanza akiwa na miaka 3, akaanzishiwa fenobabitoni, baadae wakamuongezea kabamazepini, na mpaka leo anaanguka mara 3 au 4 kwa siku, anadondoka chini ghafla kama gunia halafu anaamka, na asubuhi anashtuka shtuka mikono mpaka kikombe kinamtoka. Wifi yake aliyeko Marekani kamwambia huko watoto wanatibiwa kwa keto, yaani chakula cha mafuta mengi sana na wanga kidogo sana, kamtumia video, na anataka kumtumia mafuta ya MCT (mafuta maalumu yanayotengeneza ketoni haraka) na vidonge vya ketoni. Mama anauliza je ni kweli, je aanze kesho kumkatia ugali na uji na aachane na vidonge vinavyomsinzisha mtoto darasani, na je bibi wa mtoto ambaye ana kisukari aingie nae kwenye chakula hichohicho ili nyumbani wapike chungu kimoja.

Dada, pole sana, na hongera kwa kuuliza kwanza. Ni kweli keto inasaidia kifafa, hii sio stori ya mitandaoni, ni tiba ina miaka zaidi ya 100 hospitalini. Ila kesho usianze, na dawa usiziguse kabisa. Fenobabitoni ukiikata ghafla, mtoto anaweza kuingia kwenye degedege lisilokatika, na degedege likipita dakika 5 hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Hata watoto wanaofanikiwa na keto huwa wanaanza nayo huku wanaendelea na dawa zao zilezile, kupunguza dawa kunakuja miezi mbele, moja moja, taratibu, na anayepunguza ni daktari.

Sasa kabla hatujafika kwenye chakula nataka tuongee dawa, najua hukuuliza ila kwangu mimi ndo kiini cha barua yako. Keto inaingia pale dawa zimeshindwa. Wataalamu wa kifafa duniani walikubaliana mwaka 2010 kwamba kifafa kinaitwa sugu kwa dawa pale ambapo dawa 2 zilizochaguliwa vizuri kwa aina ile ya kifafa, kwa dozi inayotosha, zimejaribiwa na hazijatuliza. Ona hayo maneno, zilizochaguliwa vizuri na dozi inayotosha. Karibu mgonjwa 1 kati ya 3 anaangukia hapo. Kuna utafiti wa Glasgow uliotoka mwaka 2000, waliwafuatilia wagonjwa 470 ambao hawajawahi kutibiwa, karibu nusu walitulia na dawa ya kwanza kabisa, dawa ya pili ikaongeza wachache, na kutoka hapo kila dawa mpya ilileta faida ndogo sana. Ndo maana zikishindwa 2 za kweli watu wanaanza kufikiria njia nyingine, ikiwemo chakula, badala ya kuendelea kurundika vidonge.

Je kwa mwanao zimeshindwa kweli? Sina uhakika, na nakwambia kwanini. Dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo. Alipoanza akiwa na miaka 3 labda alikuwa na kilo 13 hivi, leo ana 20, na nimeshaona kadi nyingi za kliniki ambazo mtoto kakua dozi haijakua, imeandikwa tu "endelea na dawa" kila mwezi. Angalia kadi yako. Halafu kuna siku dawa zinaisha kituoni mnakaa wiki mnasubiri, hizo nazo zihesabu, maana mwili haujui kama stoo imeisha. Kubwa zaidi ni hiyo kabamazepini. Ni dawa nzuri sana kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, ila kwa watoto wenye kushtuka shtuka, au kuzubaa ghafla, au kudondoka kama unavyoeleza, inaweza kuongeza mashambulizi badala ya kupunguza. Sisemi ndo ilivyo kwa mwanao, sijamuona, ila maelezo yako ya asubuhi kikombe kinamtoka yamenifanya nisimame hapo. Mrekodi kwa simu. Kushtuka kwa asubuhi, kudondoka, hata kama ni sekunde chache, video ya simu ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yetu sote, mpelekee daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto, na umuulize waziwazi kama kabamazepini inafaa kwa aina hii na kama apimwe EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo.

Na kwa kuwa uko mkoa wa Morogoro nikuongezee kitu. Kule Mahenge, daktari wa Kinorwei Louise Jilek-Aall aliendesha kliniki ya kifafa kuanzia miaka ya 1960, na mpaka leo watafiti wanarudi kule kwa sababu kifafa ni kingi kuliko kawaida, na mojawapo ya vitu vinavyohusishwa ni ugonjwa wa usubi, wale inzi wadogo wa kwenye mito inayokimbia. Kwingine kinachosumbua ni mayai ya tegu wa nguruwe kuingia mwilini na kutengeneza vifuko kwenye ubongo, na kwingine ni makovu ya malaria kali iliyopanda kichwani mtoto akiwa mdogo. Kwahiyo kama hajawahi kupigwa picha ya kichwa, na kama mliishi maeneo hayo, mtajie daktari. Kuna sababu zinazotibika zenyewe kabla hata hujagusa sufuria.

Haya, tuje kwenye keto sasa.

Watu tangu zamani za Wagiriki waliona mgonjwa wa kifafa akifunga kula, degedege linapungua. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Paris, Guelpa na Marie, waliandika kuhusu wagonjwa waliowafungisha. Shida ni moja tu, huwezi kumfungisha mtoto maisha yake yote, akianza kula degedege linarudi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani akaja na wazo kwamba kinachosaidia sio njaa yenyewe, ni zile ketoni ambazo ini linatengeneza wakati wa njaa, na kwamba unaweza kuupata mwili katika hali ileile ya mfungaji huku mtu anakula, mradi umpe mafuta mengi sana na wanga kidogo sana. Mwenzake Peterman akaipanga vizuri kwa watoto: protini gramu 1 kwa kila kilo ya mwili, wanga gramu 10 mpaka 15 kwa siku nzima, kilichobaki chote mafuta. Mpangilio huo mpaka leo haujabadilika sana.

Ikatumika, halafu mwaka 1938 ikaja fenitoini, na nani atasumbuka kupima siagi kwenye mizani wakati kuna kidonge? Keto ikabaki kwenye hospitali chache kama Johns Hopkins ya Baltimore. Ilirudi kwa kishindo mwaka 1994 baada ya mtoto wa muongozaji filamu wa Hollywood, Jim Abrahams, kutulia degedege kwa keto pale Johns Hopkins baada ya dawa nyingi na hata upasuaji kushindwa, baba mtu akaanzisha taasisi kwa jina la mwanae, Charlie. Video za wifi yako nyingi zina mizizi huko. Ni stori ya kweli, ila ni stori ya mtoto mmoja, na mimi kwa stori ya mtoto mmoja siwezi kumshauri mzazi.

Kilichonishawishi mimi ni utafiti wa London, hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, uliotoka 2008. Walichukua watoto 145 wa miaka 2 mpaka 16 ambao dawa zisizopungua 2 zimeshindwa, wakawagawa kwa bahati nasibu nani aanze keto na nani asubiri miezi 3. Mwisho wa miezi 3 waliokuwa kwenye keto asilimia 38 walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, kwa wale waliosubiri ni asilimia 6. Waliopungua kwa zaidi ya asilimia 90 walikuwa watoto 5 upande wa keto, upande wa pili hakuna hata mmoja. Sasa soma hizo namba kwa pande zote mbili dada. Kwa watoto walioshindikana hayo ni matokeo makubwa, dawa mpya nyingi zinatamani kufika hapo. Na hapohapo wengi wao, zaidi ya nusu, hawakufikia hata huo upungufu wa nusu. Wifi yako akisema "wanapona" anakuchukulia wale wachache wa juu kabisa.

Kuna magonjwa ambayo keto sio chaguo la mwisho, ni la kwanza. Mojawapo linaitwa upungufu wa GLUT1, mtoto ana hitilafu kwenye mlango unaoingiza sukari kwenye ubongo, damu ina sukari ya kutosha ila ubongo una njaa, na ketoni zinapita mlango mwingine kwahiyo zinaulisha. Dalili mojawapo ni mtoto kuwa mbaya zaidi asubuhi kabla ya kula halafu anakuwa na nafuu baada ya chai. Umesema mwanao anashtuka asubuhi, sasa kushtuka asubuhi kuna sababu nyingi na hii ni adimu, lakini angalia kama ni kabla ya kula tu au ni baada ya kuamka tu hata akila, umwambie daktari, kipimo chake ni kulinganisha sukari ya kwenye maji ya uti wa mgongo na ya kwenye damu. Aina nyingine zinazosikia keto vizuri ni degedege za watoto wachanga za kujikunja, kifafa kinachoitwa Dravet, na kile cha Doose ambacho mtoto anashtuka na kudondoka. Hiyo ya mwisho kidogo inafanana na unachoeleza, ndo maana nasisitiza aina ya kifafa ijulikane kwanza.

Inafanyaje kazi? Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima ila unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote, na kwa kawaida unataka sukari. Wanga ukipungua sana ini linageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo unazikubali, kwa mtu aliyefunga wiki kadhaa ketoni zinaweza kubeba mpaka theluthi mbili ya mahitaji yake. Ubongo ukiwa kwenye hali hiyo seli zake zinakuwa ngumu kidogo kuwaka ovyo. Njia zinazohusika ni kadhaa kwa pamoja, kemikali za kutuliza zinapanda, mafuta fulani yenyewe yanazuia milango inayochochea degedege, na kwa panya imeonekana hata bakteria wa tumboni wanachangia.

Sasa jikoni. Hapa ndo watu wanachanganya keto ya kupunguza kitambi na keto ya kifafa. Ile ya kitambi mtu anaacha wali na chapati, anakula nyama choma na parachichi, akiteleza Jumamosi kwenye pilau ya harusi Jumatatu anaanza upya, hakuna aliyekufa. Ya kifafa ni dozi. Ile ya kiasili inaitwa 4 kwa 1, yaani kwa kila gramu 4 za mafuta unaruhusiwa gramu 1 tu ya protini na wanga vikijumlishwa. Tupige hesabu kwa mwanao kwa mfano tu, usiende kuitumia: tuseme mtaalamu kampangia kalori 1,200 kwa siku. Hiyo inatoa mafuta gramu 120, na protini na wanga jumla gramu 30. Protini kilo 20 ni gramu 20, umebakiwa na wanga gramu 10. Kwa siku nzima! Ndizi mbivu moja ya wastani ina wanga gramu 25 hivi, yaani siku mbili na nusu za wanga zimeisha kwenye ndizi moja. Ugali uliopikwa kwa gramu 50 tu za unga una zaidi ya gramu 35. Uji wa asubuhi wenye sukari usiniambie. Mlo mmoja wa hesabu hiyo unakuwa yai moja, mchicha kidogo, kipande kidogo cha parachichi, halafu mafuta vijiko vya mezani kama viwili na nusu ambavyo lazima vyote viingie tumboni, hata yale yaliyobaki kwenye sahani yanakombwa, kwa sababu mafuta ndo dawa yenyewe. Mtoto akila yai akaacha mafuta amekula dozi nusu.

Ukisoma hivyo unaweza kukata tamaa, ila ipo njia nyepesi. Johns Hopkins walianza mwaka 2003 kutoa matokeo ya mpango waliouita Atkins iliyorekebishwa: wanga unahesabiwa, gramu 10 mpaka 20 kwa siku, protini haipimwi, mafuta anasukumiwa mengi, na hakuna kupima kila kitu kwenye mizani. Uzuri wake kwetu ni kwamba imejaribiwa New Delhi, kwenye hospitali ya umma, kwa familia zinazokula chapati na dengu, sio familia za Ulaya zenye krimu kwenye friji. Watoto 102 wa miaka 2 mpaka 14, matokeo yakatoka 2013, waliokuwa kwenye mpango huo asilimia 52 walipungukiwa degedege kwa zaidi ya nusu, upande wa pili asilimia 11.5. Kama ningekuwa naongea na timu ya mwanao ningewaambia tuanzie hapo.

Na chakula cha hapa kinaruhusu kuliko watu wanavyodhani. Tui zito la nazi, mafuta ya nazi, samli, siagi, parachichi, mayai, samaki wa kukaanga bila unga, dagaa, kuku na ngozi yake, mchicha, matembele, kisamvu cha nazi kwa kiasi, korosho na karanga kwa kuhesabu maana zina wanga. Kinachoondoka ni ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, magimbi, mkate, maandazi, uji, sukari, asali, soda, juisi hata ya matunda halisi, na maharage kwa sehemu kubwa. Maziwa fresh nayo yana sukari yake, glasi moja ina kama gramu 12. Sitakudanganya kuhusu gharama. Ugali ndo unaoshibisha nyumba zetu kwa bei nafuu, ukiuondoa mfuko utasikia, mayai na mafuta kila siku sio mchezo, na mzazi ambaye hataweza kuendelea mwezi wa pili ni bora aseme mapema, wala sio aibu.

Kabla ya kuanza kuna vipimo ambavyo mimi bila hivyo sikubali. Kuna watoto wachache waliozaliwa na hitilafu ya kuchoma mafuta mwilini, au upungufu wa kanitini (kinachosaidia mwili kuchoma mafuta), au tatizo la kimeng'enya kinachoitwa pairuveti kaboksilesi, au pofiria. Mtoto wa namna hiyo ukimpa keto unamnyima chakula pekee anachoweza kutumia na anaweza kufa. Hili ndo jibu langu kubwa la "nianze kesho". Dalili za kutilia shaka ni mtoto anayelegea vibaya akikosa kula, sukari inayoshuka kila akiugua, misuli dhaifu, au kwenye ukoo kuna vifo vya vichanga visivyoeleweka. Pia wanaangalia ini, figo, mafuta ya kwenye damu, chumvi za damu, madini ya kalsiamu, uzito na urefu. Mtoto mwenye utapiamlo analishwa vizuri kwanza.

Wiki ya kwanza hospitali nyingi wanalaza mtoto au wanamfuatilia kwa karibu sana, kwa sababu sukari inaweza kushuka, anaweza kutapika, damu ikawa na tindikali nyingi, akawa analala lala tu. Baada ya hapo shida ya kila siku ni choo kigumu. Kwa muda mrefu, mawe kwenye figo (kama mtoto 1 kati ya 20 hivi), kolesteroli kupanda, urefu kuchelewa, mifupa kudhoofu. Ndo maana lazima apewe vitamini na madini, kalsiamu na vitamini D, anywe maji ya kutosha, na apimwe kila baada ya miezi michache. Akiwa anatumia topirameti, dawa nyingine ya kifafa, mawe na tindikali vinapata msaidizi, akiwa kwenye valproeti, nayo ni ya kifafa, wanaangalia kanitini na ini, kwahiyo orodha ya dawa zake iwe mezani siku mnapanga chakula.

Mnajaribu miezi 3. Unaandika kwenye daftari kila tukio, saa, limechukua muda gani, alikuwa amekula nini. Ikifika miezi 3 na daftari halionyeshi tofauti mnaiacha taratibu, hakuna haja ya kumtesa mtoto kwa matumaini. Ikisaidia, kawaida anakaa nayo kama miaka 2 halafu inapunguzwa pole pole, na kuna watoto wanaobaki wametulia hata baada ya kuacha. Wale wa GLUT1 wanakaa nayo miaka mingi zaidi.

Mitego ya nyumbani ni midogo midogo. Dawa za maji za watoto, panado ya maji, amoksilini ya maji, nyingi zina sukari, omba vidonge visagwe kama vipo. Shangazi anayekuja na pipi mfukoni. Mwalimu anayegawa biskuti siku ya kufunga shule, na uji wa shuleni ambao watoto wote wanakunywa isipokuwa wako, hilo linauma mtoto kuliko unavyofikiri, zungumza na mwalimu mapema na umfungashie kitu chake. Siku akiugua akapelekwa hospitali, waambie wahudumu mlangoni kabisa kwamba yuko kwenye keto ya kifafa, maana dripu ya glukosi inaweza kuzima ketoni ndani ya masaa na degedege likarudi siku hiyohiyo, watatumia ya chumvi kama hali inaruhusu, ila sukari yake ikishuka kweli watampa glukosi na hapo usibishane nao. Andika karatasi umbandikie kwenye kadi yake.

Wifi yako mshukuru. Mafuta ya MCT ni kitu halali, kuna keto nzima iliyojengwa juu yake tangu 1971, yanatengeneza ketoni haraka kuliko mafuta ya kawaida, na nazi yetu ina jamaa zake kwa kiasi kidogo. Lakini ukimmiminia mtoto bila kupangiwa atapata tumbo la kuendesha na kukata kata. Vidonge vya ketoni asitume, utafiti niliokutajia haukufanywa kwa vidonge hivyo, na pesa yake ina kazi bora. Mwambie atume mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na kile kimashine cha kupima ketoni kwenye damu na stripu zake za kutosha, maana mtoto akiwa kwenye keto ya kiasili tunapenda kuona ketoni kati ya 2 na 5 (milimoli kwa lita) na bila kipimo tunabahatisha.

Wa kumtafuta ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto akiwa pamoja na mtaalamu wa lishe wa hospitali. Omba rufaa, Muhimbili ni pa kuanzia kuuliza kwa upande wako. Uliza mapema kama wana mtu anayejua kupanga keto ya kifafa, na kama hawana, daktari wako anaweza kushauriana na wenzake kwa mtandao, siku hizi hilo linafanyika. Nenda na kadi zote, video za simu, daftari la wiki 4, na orodha ya mlo wa nyumbani wa kawaida bila kuupamba.

Sasa bibi. Hapa jibu ni hapana mpaka daktari wake aseme, na sababu ni dawa zake, hukunitajia anatumia zipi. Mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili akipunguza wanga, sukari inashuka kweli, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kama anachoma insulini au anameza glibenklamaidi, zile dozi zilipangwa kwa mtu anayekula ugali, akiacha ugali dozi ikabaki ileile sukari inaweza kuporomoka usiku akiwa amelala. Metfomini peke yake haina shida hiyo sana. Halafu kuna dawa mpya zaidi zinazotoa sukari kwenye mkojo, majina yanaishia na "glifozini", hizo na keto havikai nyumba moja kabisa, mtu anaweza kujaa tindikali ya ketoni huku kipimo cha sukari kinaonyesha kawaida, na kila mtu pembeni anasema sukari iko sawa kumbe anaondoka. Figo zake nazo zipimwe. Akitaka kuanza kitu wiki hii wakati anasubiri kliniki, aondoe sukari kwenye chai, soda na juisi, apunguze ugali na wali wa kila mlo bila kuumaliza wote, aongeze mboga, na apime sukari mara nyingi kuliko kawaida. Chungu kimoja cha mboga mnaweza kupika, kisamvu cha nazi na samaki mnakula wote. Mafuta ya kijana yawe pembeni kwenye kibakuli chake, yamepimwa, bibi asiyaguse.